Jembe Letu, Timazi la Fundi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi kabla ya kuanza ujenzi wa madarasa mawili)



Kabla hatujachimba msingi yafaa tukate shauri juu ya jambo linalotugawa. Wako wasemao tuchange fedha, tumpe fundi kazi yote, nasi tukae kivulini. Wako wengine wasemao fundi ni gharama ya bure. Mikono tunayo, tujenge wenyewe mpaka bati la mwisho. Mimi nasema pande zote mbili zimekosea.

Kwanza nawaambia wale wa kivulini. Ukoloni uliacha kasumba kwamba msomi hashiki jembe. Mtu wa kalamu akitaka shimo la choo huita kibarua, hali ana afya njema na Jumamosi nzima hana shughuli. Wapo wenzetu wachache ambao wakitoka ofisini hulima bustani na kupasua kuni kwa sababu wanapenda tu. Watu huwacheka. Wasichekwe! Apendaye kutoa jasho ni hazina ya tawi hili. Kuchimba msingi, kusomba mchanga, kuponda kokoto, kuteka maji, yote tunayaweza. Na tukikosea, jembe litasahihisha.

Sasa nawageukia wale wasiotaka fundi. Ndugu zangu, ukuta hausimami kwa moyo peke yake. Fundi hupima kwa kamba futi 3 upande huu na futi 4 upande ule. Akipata futi 5 kati ya alama hizo mbili, hujua pembe ni mraba. Hutundika timazi aone kama ukuta umesimama wima. Tena anajua kwamba zege halikauki kama nguo. Saruji hushikamana kwa maji, kwa hiyo zege humwagiliwa siku 7 kwa uchache, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Asiyejua huliona gumu kesho yake, akapandisha mzigo. Bustani ikiharibika tutakosa mchicha. Darasa likianguka tutazika watoto.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja masharti ya maendeleo kuwa juhudi na maarifa. Yalitajwa yote mawili. Juhudi ni jembe letu. Maarifa ni timazi la fundi.

Neno la mwisho ni gumu. Nasikia wengine wakisema: basi fundi naye ajitolee, yeye ni mwananchi kama sisi. Tufikiri. Mkulima akitoa Jumamosi, shamba lake linamngoja. Mwalimu akitoa Jumamosi, mshahara wake hauguswi. Fundi akitoa wiki nne, watoto wake watakula nini? Kumtumikisha mtu bila ujira ni unyonyaji, hata tukiuita kujitolea. Akipenda kutupa siku moja, tumshukuru. Siku zilizobaki alipwe, tena kwa wakati.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kila nyumba itoe mtu mmoja kila Jumamosi. Fedha tutakazookoa kwa jasho letu zimlipe fundi. Na vijana wawili wafuatane naye tangu msingi hadi paa, wajifunze kazi, ili tutakapojenga tena maarifa nayo yawe ya hapa kwetu.

Kama walivyosema wazee wa TANU: Uhuru na Kazi!