Babu Alikuwa Mkulima, na Nini Tena?

Wapo wenzetu wengi hapa mjini ambao kwao ni Ifakara. Ukiwauliza babu yao alifanya kazi gani enzi za ukoloni, hujibu kwa neno moja: mkulima. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli.

Katika bonde la Kilombero mtu alilima mpunga wakati wa mvua. Maji yalipopungua alishika kazi nyingine: kuchonga mitumbwi, kukausha samaki, kufua majembe, au kuuza mchele kwa wenye maduka. Fedha ilitakiwa, kwani Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza nao wakatoza.

Habari za mtu kama huyo hupatikanaje? Kwanza, kwa wazee. Usiulize babu alizaliwa mwaka gani. Uliza kama alikuwa ameoa au bado mtoto wakati wa Maji Maji, boma la Mahenge liliposhambuliwa Agosti 1905; au Wabelgiji walipoiteka Mahenge Oktoba 1917. Hapo umri utaupata.

Pili, fungua masanduku. Stakabadhi ya kodi iliyokunjwa ndani ya kitambaa yaweza kuwa na jina, kijiji na mwaka. Kama alibatizwa, uliza parokiani. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Huko usitafute neno Kilombero peke yake, maana zamani Ifakara ilikuwa chini ya Wilaya ya Mahenge, baadaye Ulanga. Na jina lisome kwa sikio: karani aliandika alivyosikia, pengine jina la utani.

Lakini tahadhari, ndugu zangu. Stakabadhi ya kodi si hati ya shamba. Yaonyesha kuwa babu alilipa kodi, haionyeshi mpaka wake ulipita wapi. Asitokee mjukuu wa mjini akaipeperusha ili amwondoe shangazi aliyebaki kijijini akilima. Tena karatasi hizo zilimwandika zaidi mwanamume, wakati bibi ndiye aliyeinama majini kupalilia huo mpunga. Naye aulizwe habari zake.

Karatasi huliwa na mchwa, na wazee hawatungoji. Likizo ijayo, ukienda nyumbani, chukua daftari. Kuuliza si ujinga.