Droo 100 za kulinda kura: maneno kwa vijana wa Karatu na Ngorongoro

Makamanda! Agosti 2024 wenzetu wa Ngorongoro waliandamana, wakilalamika majina yao ya kupigia kura yamehamishiwa Msomera. Sisi tungegundua mapema? Kumsaka mtu mmoja kwenye orodha ya watu 10,000 ni kupekua mpaka macho yaume.

Dawa ipo, inaitwa hashi. Chukua tarakimu mbili za mwisho za namba ya kadi: 4737 inaingia droo 37. Droo 100, kila moja kadi kama 100 tu. Msipange kwa herufi ya jina, droo ya M itafurika! Kompyuta nayo hufanya hivyohivyo.

Daftari likibandikwa, tulinganishe. Aliyehamishwa tumjue siku hiyohiyo, awahi kuweka pingamizi. Vijana mnaojua kompyuta, tuanze na kata zetu. Nguvu ya umma!