SOMO LA MALEZI SI LA KUPOTEZA WAKATI
(Mazungumzo kwa wazazi na wanafunzi wa sekondari, Dzaleka)



Wengi husema: "Kulea hakufundishwi shuleni. Bibi zetu walilea bila daftari." Ni kweli. Lakini bibi zetu walikuwa na shangazi, majirani na shamba. Sisi tumetawanyika. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000. Leo tumepita 50,000. Mama akienda kutafuta riziki, mtoto huachiwa kaka au dada yake.

Mimi nilikuwa mlezi wa namna hiyo. Tulipoishi Chinsapo, Lilongwe, nilimbeba mdogo wangu mgongoni kutwa. Akilia, nilimpa uji mwepesi wa unga mtupu. Akinyamaza, nilidhani kazi imekwisha. Sikuongea naye, kwa kuwa hakujua kujibu. Na jirani yetu kabisa ni Likuni, palipotoka jina la likuni phala, uji wa mahindi na soya!

Nilipofika sekondari nilichagua sayansi kimu. Wavulana wenzangu walinicheka. Huko nilijifunza kwamba ubongo hukua upesi sana miaka ya kwanza, na kwamba mtoto husikia maneno muda mrefu kabla ya kuyasema. Niliona uchungu, kisha nikaanza kuongea na mdogo wangu.

Nchini Kenya wanafunzi wa somo hilo wamefundishwa utunzaji wa mjamzito, kunyonyesha, kumwachisha mtoto ziwa na chanjo. Huko Jamaica, katika miaka ya 1980, wahudumu wa afya wa mitaani walitembelea watoto waliodumaa, saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakiwaonyesha mama zao jinsi ya kucheza na kuongea nao. Miaka 20 baadaye, watoto hao walikuwa na kipato zaidi ya wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, kwa asilimia 25 hivi.

Basi nawaomba:

1. Wazazi, msimkataze mtoto, wa kike au wa kiume, kuchagua somo hili.
2. Msimtoe darasani ili alee. Majirani wapeane zamu.
3. Wanafunzi, mlichojifunza kipelekeni nyumbani jioni ile ile, kwa heshima, bila kumsuta mama.

Mtoto wa mgongoni anasikia. Ongea naye.