Nywele, Mavazi na Utu: Tunachojifunza kwa Chuo cha Poro

(Hotuba kwa mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Katika ziara zetu parokiani tumeulizwa swali moja mara nyingi: kwa nini fedha za maendeleo zitumike kuwafundisha wasichana kusuka nywele na kushona magauni? Wengine wametuambia waziwazi kwamba kisima ni maendeleo, zahanati ni maendeleo, lakini saluni ni anasa. Swali hilo ni halali. Kabla kamati hazijapiga kura leo, tunaomba tulijibu kwa historia ya chuo kimoja cha Marekani.

Annie Turnbo Malone alizaliwa mwaka 1869 katika jimbo la Illinois, kwa wazazi waliokuwa watumwa. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na dada yake. Masomo ya sekondari hakuyamaliza kwa sababu ya maradhi, ila alilipenda somo la kemia. Wakati ule wanawake wengi weusi walipaka nywele mafuta ya bata bukini na sabuni kali, na ngozi ya kichwa ikaharibika. Annie alitengeneza dawa yake ya nywele. Mwaka 1902 alihamia mji wa St. Louis, akawa anapita nyumba kwa nyumba akiwahudumia wanawake bure ili waone wenyewe matokeo. Mwaka 1906 alisajili jina la biashara yake, Poro.

Mwaka 1918 alifungua Chuo cha Poro mjini humo. Kilikuwa na madarasa, kiwanda, ukumbi, mahali pa kulia chakula na vyumba vya kulala. Na hapa ndugu wajumbe tunaomba mtusikilize vizuri. Chuo hakikufundisha nywele peke yake. Mwanafunzi alifundishwa pia namna ya kuvaa, kutembea, kuzungumza na kujiheshimu mbele ya watu. Wakati huo kazi zilizokuwa wazi kwa mwanamke mweusi zilikuwa hasa kufua nguo na kutumika majumbani mwa watu. Falsafa ya Poro ilikuwa kwamba mwanamke anayeujali mwili wake na kuwa na ujuzi mkononi hatakubali kudharauliwa, wala hatamtegemea mtu kwa mkate wake.

Matunda yalionekana. Sarah Breedlove, mfua nguo, alikuwa wakala wa Poro kabla ya kuanzisha kampuni yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker. Mwaka 1908 alifungua Chuo cha Lelia huko Pittsburgh. Hawa wawili wakawa washindani, lakini wanawake wengi walipata kazi kwa wote wawili.

Jengo la Poro nalo likawa la jamii nzima. Watu weusi walikuwa wakikataliwa katika hoteli na kumbi nyingi za mji, hivyo walifanyia mikutano yao pale. Kimbunga kilipoupiga mji Septemba 1927, Shirika la Msalaba Mwekundu lilitumia jengo hilo kuwahudumia waathirika. Annie mwenyewe aliongoza bodi ya kituo cha watoto yatima kuanzia mwaka 1919 hadi 1943, na mwaka 1946 kituo hicho kilipewa jina lake.

Lakini tusiwafiche upande wa pili, hasa ninyi wafadhili. Kila kitu kilisimama juu ya mtu mmoja na ndoa yake. Mwaka 1927 ndoa ilipovunjika, mume, aliyekuwa na cheo kikubwa katika kampuni, alidai nusu ya mali. Shauri lilimalizika kwa malipo ya dola 200,000. Mwaka 1930 makao yalihamia Chicago. Baadaye madai ya kodi yaliandamana, na mwaka 1951 serikali ilichukua usimamizi wa mali. Annie alifariki mwaka 1957. Mama huyu alitoa misaada mingi sana, lakini ukarimu hauwezi kushika nafasi ya daftari la hesabu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mafunzo yetu yasiishie kwenye kitana na cherehani. Msichana ajifunze pia kuweka akiba, kuandika hesabu na kuzungumza na mteja kwa adabu. Pili, apatikane mahali salama pa kulala kwa wale wanaotoka vigango vya mbali, kwa maana msichana asiye na pa kulala hamalizi masomo. Tatu, kituo kiwe mali ya kamati, kikaguliwe kila mwaka, na kodi zilipwe kwa wakati. Kisiwe cha mtu mmoja, hata akiwa mwema kiasi gani.

Mtu akisema tena kuwa saluni ni anasa, mwulizeni: yule binti aliyeacha shule darasa la saba na sasa anauza maandazi njiani, tumemwandalia nini? Kisima tutachimba. Lakini naye ni mtoto wa parokia, na anasubiri kura yenu ya mchana huu.