Nasaba ya Tangi

Mtu ateremkaye kutoka Ugweno, milimani Upare, asubuhi, akaiacha nyuma yake migomba na ukungu wa msitu, huwasili tambarare ya Mwanga kabla ya adhuhuri, akaikuta dunia nyingine ya vumbi na miiba na madumu ya manjano yaliyopangwa foleni penye bomba. Na kutoka hapo mpaka Same, kila mwenye busara hutafuta chombo cha kuwekea akiba kabla vuli haijawasili.

Chombo hicho siku hizi aghalabu ni tangi la plastiki lililokwisha tumika kwingine, hasa lile la lita 1,000 lililozungushiwa fremu ya chuma, ambalo wenye viwanda na mashamba huliuza kwa bei nafuu likiisha kumwagwa shehena yake. Siwalaumu wanunuzi, maana jipya ni ghali. Walakini mwezi uliopita nilisimama kando ya barabara mbele ya matangi manne ya namna hiyo. Nikafungua kifuniko cha moja, nikainama, na harufu iliyonipokea ilinikaa kooni hata magharibi. Kibandiko cha ubavuni kilikuwa kimekwanguliwa kwa kisu, ikasalia pembe moja tu yenye mstari mwekundu wa hatari. Muuzaji akaapa kuwa lilibeba mafuta ya kula. Mama mmoja aliyesimama karibu nami alikuwa amekwisha fungua pindo la kanga kutoa fedha.

"Mama," nikamwambia, "tafadhali zifunge tena."

Maana plastiki hunywa dawa za mashambani, na sabuni haiwezi kuitoa sumu yote. Kwa hiyo tangi lisilojulikana asili yake, hata likitolewa hiba, lisiingizwe maji ya kunywa. Wazee wetu wa Upare walichimba ndiva, mabwawa ya mawe na udongo yajazwayo usiku kwa maji ya mfereji na kufunguliwa alfajiri, kila mkulima kwa zamu yake, kama ilivyo ndiva ya Manoo huko Bangalala. Wala hapakuwa na haja ya kuuliza maji yametoka wapi, kwani chemchemi ilijulikana kwa jina. Sisi tununuao chombo cha mgeni hatuna budi kuuliza.

Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, uyachukuao maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025, nasi tunashukuru. Lakini aliye mbali na bomba angali anategemea bati lake. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja, hivyo paa la mita mraba 50 likinyeshewa milimita 20 tu hukaribia kulijaza tangi la lita 1,000, nalo likijaa huwa tani nzima, uzito usiostahili kuwekwa juu ya vipande vya mbao.

Mama yule alipata jingine baada ya siku chache, lililobeba maji ya matunda, kibandiko chake kizima. Nilipopita kwake nilimkuta amelikalisha juu ya msingi wa mawe, amelipaka rangi nyeusi ili jua lisioteshe ukijani ndani, na mwanawe, juu ya ngazi, akifunga kwa waya mfereji wa bati uelekeao mdomoni mwa tangi. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja.