Mfungwa Arudipo Nyumbani



Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa Rais uwezo wa kumsamehe mfungwa, bila masharti au kwa masharti. Afisa wa probesheni humwangalia arudiye. Lakini hapa Busia na Malaba mpaka wa Uganda u hatua chache, na mamlaka yake hukoma hapo.

Mwenye kosa dogo tusimchoshe kwa maswali. Aliyefungwa kwa ukatili, asiye na kazi wala jamaa, huyo tumtembelee kila juma. Kwanza tuwasikilize aliowadhulumu, kisha tumtafutie kazi na malazi. Tukimfukuza atavuka mpaka, na siku atakayorudi hatutajua. Aliye karibu nasi ndiye tunayeweza kumwonya.