Gari yetu iwe ile tunayoweza kuifungua wenyewe

Maneno ya timu ya tereni mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Komite ilituomba tuseme juu ya gari. Makuta ya sanduku sasa yanatosha kununua pikapu iliyotumika. Mpya hatuiwezi. Tunajua wengi wamekwisha kupitisha picha kwenye simu, na wengine wamekwisha kuchagua rangi. Leo hatukuja kuchagua rangi.

Mnakumbuka msimu wa mvua uliopita. Tulikodi pikapu nzuri ya otomatiki, kiyoyozi ndani, tukapeleka mbegu za maharage upande wa Lulimba. Kurudi, tukabeba mama mmoja aliyeshikwa na uchungu. Kwenye matope tulisukuma mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka gia ikachemka, taa ikawaka, gari ikakataa kabisa. Fundi wa kijiji akaja na spana zake. Akafungua boneti, akaangalia, akaifunga polepole. Akasema, "Hii inataka kompyuta." Yule mama alibebwa kwa tipoyi usiku ule. Alifika, mtoto akafika, tunamshukuru Mungu. Lakini hatukuwa na haki ya kumbahatisha vile.

Ndiyo sababu tunaomba gari ya gia za mkono. Wengi wetu tulijifunza ufundi kambini, Lugufu na Nyarugusu, kwa spana na nyundo. Aliyefundishwa kule anasema klachi, aliyebaki Uvira anasema ambreyaje, lakini wote wawili wanaweza kuibadilisha chini ya mwembe. Betri ikidhoofika, vijana wanasukuma, shofere anaingiza gia ya pili, anaachia klachi, gari inawaka. Na kutelemka kutoka Fizi kuja Baraka na mzigo, gia ndogo inaishika gari, breki zisipate moto.

Tuseme na ubaya wake pia. Shofere anayepumzisha mguu juu ya klachi ataichoma kwa muda mfupi. Kwa hiyo gari isiwe ya kila mwenye permi. Tuchague mashofere wawili, tuwafundishe, na majina yao yaandikwe.

Gari gani? Ya kwanza kwetu ni Toyota Hilux ya zamani ya mazuti, magurudumu manne ya kuvuta, injini ya 3L ya lita 2.8 au 5L ya lita 3. Hizi hazina turbo, na pampu yake ya mazuti ni ya chuma tupu, haiongozwi na kompyuta. Ya pili ni Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita. Hiyo ni ngumu kuliko zote, mashirika mengi wanaitumia, vipuri vinazunguka. Lakini bei yake ni kubwa na inakunywa zaidi. Hilux mpya zaidi za D-4D zina nguvu na zinakunywa kidogo, lakini nozeli zake zinataka mazuti safi. Sisi tunanunua mazuti ya bidoni kando ya njia. Kila mtu hapa anajua mna nini ndani ya ile bidoni.

Usukani uwe kushoto. Gari nyingi zinapitia Dar es Salaam zikiwa na usukani wa kulia, na ni rahisi kupata. Lakini kwetu tunapita kulia: shofere anakaa upande wa mfereji, na akitaka kupita lori haoni kitu mpaka amuulize aliyekaa pembeni. Kwa gari ya wagonjwa hiyo si akiba.

Sasa, namna ya kuipima. Hapa sherti tusione haya mbele ya muuzaji.

Tufike asubuhi, tuguse injini. Ikiwa ya moto, muuzaji amekwisha kuiwasha ili kuficha jambo, turudi kesho. Ikiwaka, tuangalie moshi. Wa buluu, inakula oili. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, pengine maji yanaingia ndani. Mweusi mwingi, nozeli au pampu, au filta ya hewa imeziba. Tufungue kifuniko cha oili: tukiona kitu kama maziwa, tuage kwa heshima.

Klachi: tuvute breki ya mkono, tuweke gia ya tatu, tuachie klachi polepole. Injini ikizima mara moja, ni nzuri. Ikiendelea kunguruma na gari imesimama, klachi imekwisha. Njiani, tutoke gia ya tatu kwenda ya pili: ikikwaruza, au gia ikiruka yenyewe tukiachia mafuta, gia imechoka. Magurudumu manne na gia ndogo tuyajaribu kwenye udongo, si kwenye lami.

Kisha tulale chini. Injini mbovu inabadilishwa, chasi iliyooza haibadilishwi. Tuigonge kwa nyundo ndogo, zaidi nyuma juu ya springi. Sauti nzito bila mlio, au vumbi la kutu, tuache. Rangi mpya nyeusi chini ya gari ituogopeshe. Kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma kirahisi. Tuangalie mpira wa pedali, huo hausemi uongo.

Ikishakuwa yetu, kabla ya safari yoyote tubadilishe oili zote, filta, na mkanda wa tayming. Ule mkanda ukikatika, valvu zinagonga pistoni na injini inakufa njiani. Tuongeze filta ya pili ya kutenga maji na mazuti. Nyuma tuweke fremu ya chuma na turubai, benchi mbili za urefu, na ubao unaolala juu yake kwa mgonjwa. Pine mbili za akiba, koleo, kamba, mbao mbili za matope, bidoni za mazuti na maji zikae chini, zifungwe. Mzigo mzito juu ya paa unapindua gari. Bomba la hewa la kupanda juu linasaidia kwa vumbi na mito, lakini halifanyi gari kuwa mtumbwi. Mto usioutembelea kwa miguu kwanza, usiuingie.

Mwisho, makuta na karatasi. Kila dola 10 za sanduku, 7 zinunue gari, 3 zibaki kwa matengenezo na vipuri. Muuzaji akitaka zote 10, hiyo si gari yetu. Namba ya chasi ilingane na ya karatasi, na karatasi ziandikwe kwa jina la chama, si la rais wala la mmoja wetu wa tereni. Kila safari iandikwe kwenye daftari: nani, wapi, mazuti kiasi gani. Wafadhili, daftari hilo mtaliona pamoja nasi.

Tunajua gari tunayoiomba ni ya zamani na haipendezi machoni. Majirani watacheka siku ya kwanza. Lakini siku mama mwingine atakapopigwa na uchungu usiku, na gari ikasimama kwenye matope, tunataka fundi wa kijiji afungue boneti na asiifunge tena.

Tunaomba mkutano uamue leo.